Sura ya Tatu: Doa

Shule zilipofunguliwa mwanzoni mwa 2008, nilikuwa nikifundisha Kiswahili kidato cha pili katika shule moja ya Nakuru. Darasani kwangu madawati kumi na moja yalikuwa matupu. Wenyewe walikuwa wameondoka. Wengine nilisikia wako kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho ya kilimo, mwendo mfupi tu kutoka pale shuleni. Wengine walipandishwa malori usiku wakapelekwa mahali ambako wazazi wao walikuita nyumbani, ingawa watoto wenyewe hawakuwahi kulala huko hata siku moja. Maazimio ya kazi yalisema wiki ile ni ngeli. Nikafundisha ngeli, kwa sababu sikujua la kufanya jingine.

Nikaandika ubaoni LI-YA, nikaomba mifano. Jino, meno. Jicho, macho. Tunda, matunda. Kisha kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono akasema, "Doa, madoa." Nina hakika hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amekumbuka neno, basi. Lakini darasa zima likanyamaza. Msichana aliyekaa karibu na dirisha aliinamia daftari lake akaanza kukoleza mstari wa pambizo, akipitisha wino juu ya wino mpaka karatasi ikachanika. Mimi nikasema, "Vizuri. Mwingine?" Nikaendelea na somo.

Sura hii ni yale niliyopaswa kuyasema siku ile.

Neno doa lenyewe halina kosa. Kuna doa la mafuta kwenye shati, doa la wino kwenye mkono wa karani, madoadoa ya chui, madoadoa ya kuku wa kienyeji anayependeza kuliko wenzake weupe. Ni neno la nyumbani, la beseni na sabuni. Hapo ndipo ulipo ubaya wake lilipotekwa. Tangu ghasia za kikabila zilipozuka katika Bonde la Ufa, zikianzia shamba la Meteitei huko Nandi mwezi Oktoba 1991, neno hilo limekuwa likitoka midomoni mwa watu wa siasa, na kila msikilizaji alijua wanaosemwa ni kina nani: wale waliohamia, walionunua mashamba, waliopiga kura tofauti na majirani zao. Pembeni yake likakaa jingine, kwekwe, lililotolewa shambani. La kwanza huondolewa, la pili hung'olewa. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kila mama amewahi kuondoa doa, na kila mkulima amewahi kung'oa kwekwe. Mikono tayari ilijua kazi hiyo inavyofanywa.

Nimefundisha sarufi miaka mingi, na naamini kwamba Kiswahili kimeweka heshima ya mtu ndani ya mfumo wake wa ngeli. Mtu ni A-WA. Mtoto, mgeni, mzee, wote A-WA. Hata anayetudhuru, kwa kawaida hatumtoi humo. Tazama neno jambazi: kwa umbo lake lingeweza kukaa na jembe na jiwe, lakini lugha imekataa. Hatusemi jambazi limekamatwa, tunasema jambazi amekamatwa, na majambazi wamefikishwa kortini. Adui anakuja. Mchawi amefichuliwa. Ukiwa na pumzi, Kiswahili kinakupa A yako, na kwa kawaida hakikunyang'anyi kwa kosa lako. Wadudu nao wamo. Mende ameingia kabatini, tunasema, na hakuna anayeona ajabu.

Sasa sikia: *madoadoa yaondolewe.* Mtu yuko wapi katika sentensi hiyo? Kiambishi cha kiima ni YA, kama cha mawe, kama cha majani. Kitenzi kimewekwa katika kauli ya kutendwa, kwa hiyo mtenda hatajwi. Nani aondoe? Haijasemwa. Nani aondolewe? Haijasemwa. Mkulima mwenye mke, watoto watano, ng'ombe wawili na deni la ushirika ametolewa kwenye sentensi pasipo jina lake kuguswa, na atakayemtoa shambani kwa panga naye hakutajwa. Mende ana nafasi zaidi katika sarufi yetu kuliko jirani aliyeitwa doa.

Nimemtaja mende kwa sababu. Nchini Rwanda, redio ya RTLM ilianza kutangaza Julai 1993, na neno *inyenzi*, yaani mende, lilisikika humo siku baada ya siku likiwahusu Watutsi. Lilikuwa neno la zamani kidogo, limetoka kwenye vita vya waliokuwa uhamishoni miaka ya 1960, nalo likanyooshwa mpaka likamfunika kila Mtutsi, pamoja na mtoto mchanga. Watangazaji walipowahimiza watu waende "kazini", wasikilizaji walijua ni kazi gani. Watu zaidi ya laki tano, na kwa hesabu nyingi wanaokaribia laki nane au zaidi, waliuawa katika muda wa siku mia moja hivi za mwaka 1994. Kesi ya vyombo vya habari vilivyochochea mauaji hayo ilisikilizwa Arusha, mjini kwetu kabisa sisi tunaozungumza Kiswahili, na Desemba 2003 Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze walitiwa hatiani. Wakakata rufaa. Majaji wa rufaa walifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini hawakuwaachilia. Hukumu ile ilisomwa tarehe 28 Novemba 2007.

Tarehe 27 Desemba 2007, Kenya ikapiga kura. Kati ya hukumu ya Arusha na foleni zetu za kura mwezi haukutimia. Magazeti yetu yaliiandika habari ile, tukaisoma kama habari za watu wengine.

Yaliyofuata kila Mkenya wa umri wangu anayajua. Matokeo yalitangazwa jioni ya tarehe 30, Mwai Kibaki akaapishwa jua likizama, na usiku huo huo moto ukaanza. Tarehe 1 Januari likachomwa kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo. Tarehe 27 Januari, huko Naivasha, watu 19 wa kabila jingine waliteketezwa ndani ya nyumba moja, safari hii wachomaji wakiwa upande wa pili. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133 na watu wapatao 350,000 waliofukuzwa makwao. Nimeandika mauaji yote mawili kwa makusudi. Anayesimulia la Kiambaa akanyamazia la Naivasha, au la Naivasha akanyamazia la Kiambaa, bado anafanya kazi ile ile ya kuchagua ni marehemu gani apewe A.

Tume ya Waki ilisikiliza ushahidi juu ya redio za lugha za mama, vikaratasi vilivyotupwa milangoni usiku, na ujumbe mfupi uliopita kwenye simu kwa kasi ambayo serikali haikuiweza. Mtangazaji mmoja, Joshua arap Sang wa Kass FM, alifikishwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko Hague pamoja na William Ruto. Kesi yao ilisimamishwa tarehe 5 Aprili 2016. Mahakama haikumtia hatiani, na mimi sina haki ya kumhukumu mtu ambaye mahakama haikumhukumu. Ninachokiona katika kesi ile ni jinsi ilivyo vigumu mno kuchukua neno lililopita hewani na kulifunga kamba mpaka kwenye panga la mtu fulani, kijiji fulani, saa fulani.

Sheria tunazo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipitishwa 2008 majivu yakiwa bado na joto. Kifungu chake cha 13 kinamtoza mchochezi wa chuki ya kikabila faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 33, inatoa uhuru wa kujieleza na papo hapo inasema uhuru huo haufiki kwenye matamshi ya chuki. Walioshtakiwa tangu hapo si wachache. Waliotiwa hatiani ni wa kuhesabu kwa vidole.

Sababu moja naijua vizuri kwa kuwa ni ya lugha. Mshtakiwa husimama akasema, *sikumaanisha hivyo*. Januari 2022, Mithika Linturi, wakati huo seneta wa Meru, alilitamka neno madoadoa katika mkutano wa kisiasa mjini Eldoret, mji ambao ulikuwa wa mwisho kustahili kulisikia tena. Alikamatwa. Alieleza kwamba hakukusudia kabila lolote, na akaomba radhi. Aprili mwaka huo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikatoa orodha ya maneno ya kuepukwa, madoadoa likiwemo, kwekwe likiwemo, mende likiwemo, na kwa upande wa Pwani, *wabara waende kwao*. Mle mle yakatiwa *hatupangwingwi* na *sipangwingwi*, maneno ya mtaani yaliyokuwa yakiimbwa kwenye kampeni, na hapo watu wakacheka. Orodha ikikusanya kisichodhuru pamoja na kinachoua, hata kinachoua huonekana mzaha. Nadhani tume ilikosea hapo. Haikukosea kuhusu doa.

Hilo la *sikumaanisha* ningependa tulitazame vizuri, kwa sababu sisi wenye Kiswahili ndio watu wa mwisho kulikubali. Lugha yetu imelelewa kwa mafumbo. Mwanamke wa Mombasa anaweza kumtukana jirani yake mwaka mzima bila kumwambia neno, akichagua tu leo avae kanga ipi akipita mlangoni pake. Waimbaji wa taarabu wamesutana jukwaani kwa majina ya ndege na maua, na ukumbi mzima ukajua nani kasutwa na kwa kosa gani. Wahenga wametwambia fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hatuwezi kuwa mabingwa wa kufumbua kwenye harusi, kisha tukifika kwenye mkutano wa hadhara tudai kwamba neno ni neno tu. Anayesema madoadoa katika Bonde la Ufa analijua soko la neno hilo. Analisema hapo kwa sababu litanunuliwa hapo.

Lakini nisiwatwike wanasiasa mzigo wote. Wao huja na kipaza sauti kila baada ya miaka mitano. Sisi tunaishi na maneno kila siku, na yapo mengine ambayo hakuna tume itakayoyaorodhesha kwa sababu ni ya adabu kabisa.

Chukua *kwenu ni wapi?* Ni swali la kwanza tunalomwuliza mtu tusiyemjua, kwenye matatu, kwenye foleni ya benki, kwenye usaili wa kazi. Limejaa ukarimu. Kwetu, kwenu, kwao, haya ni maneno ya joto, ya moshi wa jikoni na sauti ya mama. Mtu akijibu "Nakuru", tunatabasamu, tunasema, "Hapana, kwenu *kabisa*." Hilo *kabisa* ndilo lenye sumu. Linamwambia mtu aliyezaliwa Nakuru, aliyesoma Nakuru, aliyemzika baba yake Nakuru, kwamba makao yake hapo ni ya muda na kwamba yupo mahali pengine anapongojwa. Mwaka 2008, kwenye vizuizi vya barabarani, vijana wenye marungu hawakuwa na maswali magumu. Walitaka kitambulisho, nacho kilikuwa kimeandikwa jina na mahali mtu alikotoka mpaka kata. Walitaka kusikia abiria akiongea lugha fulani. Swali lilikuwa lile lile, kwenu ni wapi, na liliulizwa kwa Kiswahili sanifu.

Kule Pwani swali hilo lilikuwa na jibu lake tangu zamani. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na waliofuata kushambuliwa walikuwa Waluo, Wakamba, Wakikuyu na Waluhya waliojulikana kwa jina moja tu, watu wa bara. Pwani ilikuwa na malalamiko ya kweli, ya ardhi na ya kazi za bandarini, na mtu anayeyapuuza malalamiko hayo haitakii Pwani mema. Lakini *wabara* lilichukua lalamiko dhidi ya serikali na wenye mali, likalishusha kwa mama muuza samaki aliyetoka Kisumu miaka thelathini nyuma. Watoto wake walikuwa wakimsahihisha Kiswahili chake.

Na sasa tufike pale panapotuuma sisi wenyewe, wapenzi wa lugha hii. Tunajivunia, na kwa haki, kwamba Kiswahili kimeunganisha watu wa makabila mengi. Kina neno *ustaarabu*. Lakini lisikilize neno hilo lilivyojengwa, utamkuta Mwarabu ndani yake, na utakumbuka kinyume chake ni *ushenzi*, neno la enzi za misafara lililomsema mtu wa bara, asiyekuwa wa mji wala wa dini ya mji. Mwalimu anayemwambia mtoto wa Kiturkana darasani "acha ushenzi" anadhani anakemea kelele. Majirani zetu tisa wa Pwani, kuanzia Wagiriama na Wadigo mpaka Waribe na Wajibana, tuliwaita Wanyika, watu wa porini, mpaka wakoloni wakaliandika kwenye ramani zao. Katika miaka ya 1940 wao wenyewe wakajipa jina, Mijikenda, miji tisa, kwa neno *kenda* ambalo nasi Waswahili tulihesabia zamani kabla ya kuzoea *tisa*. Waorma na Waborana tuliwaita Wagala. Waogieki wa Mau wamebeba kwa vizazi jina Ndorobo, lililotoka kwa Wamaasai likimaanisha watu wasio na ng'ombe, yaani fukara, kana kwamba asali na msitu si mali. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha kwa mara nyingine, ilipotoa hukumu yao dhidi ya serikali ya Kenya tarehe 26 Mei 2017, iliwaita Waogieki. Wanapigania msitu. Lakini anayekusoma kwa jina la ufukara hawezi kukuona una kitu cha kunyang'anywa.

Jina la kujipa lina nguvu ambayo waliopewa majina mazuri tangu kuzaliwa hawaitambui. Wanandi, Wakipsigis, Watugen, Wakeiyo na wenzao hawakuwa na jina moja la pamoja mpaka miaka ya 1940, walipoanza kujiita Wakalenjin. Husimuliwa kwamba jina hilo lilivuma kutokana na mtangazaji wa redio wakati wa Vita vya Pili, aliyekuwa na mazoea ya kuanza na neno hilo, na vijana wa sekondari wakalichukua. Maana yake ni *nakwambia*. Sijui jamii nyingine iliyojiita kwa kitenzi cha kusema na mwenzako.

Na wako Wamakonde wa Kwale. Babu zao walivuka kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani, nao wakazaa wana, na wana wakazaa wajukuu, wote wakiwa hawana kitambulisho. Kwa Kenya walikuwa wageni, kwa Msumbiji hawakujulikana. Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi, wazee kwa vijana, safari ya karibu kilomita mia tano, wakitaka jambo moja: waandikwe. Wakaandikwa, kabila la 43 la Kenya. Mwaka uliofuata Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa la 44, na 2023 Wapemba wa Pwani nao wakatambuliwa. Kuna wasomi wanaosema idadi hizi ni balaa, kwamba kila tunapohesabu kabila jipya tunaimarisha ukuta. Nawaelewa, lakini siko nao. Anayesema "sisi sote ni Wakenya, tuache makabila" mara nyingi ni mtu ambaye kabila lake halijawahi kumnyima kitambulisho. Mmakonde hakufunga safari ya kilomita mia tano ili aambiwe kwamba kabila si kitu. Alitaka kuwa Mmakonde na Mkenya kwa pumzi moja.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaodhani dawa ya ulimi mbaya ni kunyamaza. Nchi ambayo watu wanaogopa kutaja makabila yao si nchi yenye amani. Ni nchi inayonong'ona, na mnong'ono ndio uliobeba vile vikaratasi vya usiku.

Majirani zetu wa Tanzania wana kitu tunachoweza kujifunza, nacho si ukimya hata kidogo. Wangoni na Wahehe walipigana vita vya kumwaga damu katika karne ya 19, na leo ni watani. Wanyamwezi waliopita kwa Wazaramo na mizigo ya misafara wakielekea pwani ni watani wa Wazaramo. Mtani anaweza kukuambia mbele ya mkweo maneno ambayo mwingine angeyalipia kwa ngumi. Lakini utani una sheria, na sheria yake ya kwanza ni kwamba kamba inavutwa pande mbili. Nikikutania, lazima uwe na uwezo wa kunitania, nami niumie na nicheke. Ya pili ni msiba. Ukifiwa, mtani wako hufika mapema kuliko ndugu wengi, huchimba kaburi, hubeba maji, na huvunja kilio kwa kichekesho pale huzuni inapotaka kukuua. Anayekutania bila kukuzika si mtani wako. Nimewasikiliza wachekeshaji wetu wengi wa miaka hii kwa kipimo hicho, wanaoigiza lafudhi ya kabila fulani kwa dakika kumi ili ukumbi uvunjike mbavu, na najiuliza ni wangapi wangefika kaburini.

Mmoja alifaulu, na kila Mkenya aliyekua na televisheni ya KBC anamjua. Mzee Ojwang' wa *Vitimbi* na *Vioja Mahakamani* aliongea Kiswahili kizito cha Kijaluo, kofia kichwani na miwani puani, maisha yake yote ya usanii. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu wa Nyeri. Mkewe wa kwenye kipindi, Mama Kayai, alikuwa Mary Khavere, Mluhya. Fikiria siasa za nchi hii, fikiria Wakikuyu na Waluo walivyogawanywa tangu miaka ya 1960, kisha uone kwamba jumba la Kijaluo lililopendwa kuliko yote nchini lilikaliwa na Mkikuyu na Mluhya, na Waluo wakalipenda kuliko wote. Kwa nini hawakukasirika? Nimelitazama tena igizo moja baada ya jingine nikitafuta jibu. Ojwang' ni mbishi, ana wivu, anamdanganya mkewe na kunaswa. Lakini hakuna hata mara moja ambapo anachekwa kwa kuwa Mjaluo. Anachekwa kwa kuwa Ojwang'. Lafudhi imevaliwa kama koti la mtu unayempenda, kwa uangalifu, likapigwa pasi. Alipofariki Julai 2015, watu walimlilia kwa lugha zote, na hakuna aliyeuliza kwao kabisa ni wapi.

Bado nafundisha. Kila mwaka tunapofika ngeli ya LI-YA, neno lile nalitoa mimi mwenyewe, silisubiri linyooshewe mkono kutoka nyuma. Naandika doa ubaoni. Nawauliza wanafunzi kwa nini mende anaingia kabatini na doa linaingia kwenye shati, kwa nini jambazi amekamatwa na jiwe limeanguka. Huwa wanalijadili kwa makelele, na kuna wanaojua nyumbani kwao kilichotokea 2008 ingawa hawakuwa wamezaliwa. Nawaeleza neno hili liliwahi kufanyishwa nini, wapi, na nani walikufa, pande zote. Hilo huchukua dakika kumi na tano, wakati mwingine ishirini. Kisha nawaambia waandike sentensi.

Mwaka huu msichana mmoja aliandika: *Doa la chai limeingia kwenye daftari la baba la madeni ya duka, na mama amelifunika kwa kikombe kile kile.* Nilimwuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli, mwalimu, na baba bado hajajua.